Maji Yanapolala

Sura ya saba ndiyo iliyonipandisha Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ilikuwa Februari 2016, kiangazi kikali, nami nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza ya upelelezi kwenye kaunta buku, chumbani kwangu Majengo, Moshi mjini. Katika sura hiyo muuaji anautupa mkoba wa ngozi wa marehemu kwenye mfongo, yaani mfereji wa Wachagga wa kumwagilia mashamba, saa nane usiku. Alfajiri, kilomita 4 chini yake, mtoto aliyekwenda kuchota maji anauokota. Yote yaliyofuata yaliuegemea mkoba huo: saa ya kifo, njia aliyopita muuaji, mtu wa kushukiwa.

Mfongo wenyewe nilikuwa naujua kama anavyoujua mtu wa mjini, yaani maji unayoyaruka ukienda msibani. Hilo lilininyima usingizi. Msomaji wa hadithi ya upelelezi anashindana na mpelelezi kulitegua fumbo, na ushahidi ukiwa wa uongo, umemdhulumu.

Babu wa rafiki yangu alikuwa mmoja wa wazee wanaosimamia mfongo wa kitongoji chao. Nilimwamkia, nikamsomea sura nzima kwenye kigoda nje ya nyumba yake. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Mwanangu, huo mkoba ulipita wapi?"

"Kwenye mfongo, babu."

"Saa nane za usiku?"

"Ndiyo."

Akachukua jembe lake. "Twende."

Tulianzia juu, kwenye banio. Ni mawe yaliyopangwa kukingama sehemu ya kijito, yakashindiliwa matawi, mabonge ya udongo wenye nyasi na magome ya mgomba. Mvua kubwa ikija hubomoka, watu wakatoka kulijenga upya. Kutoka hapo mfongo unaambaa na ubavu wa mlima, na kazi yote iko kwenye mteremko: ukiwa mkali, maji yanachimba ukingo na kuuangusha, ukiwa mdogo mno, mchanga unatuama na mfereji unajaa. Pale tulipopima kwa fimbo, upana ulikuwa kama hatua moja, na maji hayakufika magotini. Kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina tundu lake ukingoni, limezibwa kwa udongo na gome la mgomba. Zamu yako ikifika unazibua lako. Ikiisha unaziba, jirani anazibua lake.

Tulijaribu kwa gunzi. Babu alishika mwanzo wa kamba ya mita 30, mimi mwisho wake na simu ya kupimia muda. Gunzi lilichukua sekunde 75. Kwa mwendo huo kilomita 4 ni saa mbili na dakika 47, iwapo halikwami popote, nalo lilikwama mara mbili ndani ya mita hizo 30: kwenye mzizi, kisha kwenye majani makavu. Mkoba wa ngozi uliojaa karatasi ungekwama palepale.

Lakini kosa kubwa lilikuwa mbele, kwenye nduwa. Hilo ni bwawa dogo la kuchimbwa, lina tundu la kutolea maji chini ya ukingo wake. Kiangazi maji ya mfongo huwa haba. Ukiyaacha yatiririke vilevile, ardhi inayanywa njiani na shamba la mbali halioni kitu. Kwa hiyo jioni tundu linazibwa, nduwa inajaa usiku kucha, na asubuhi maji yanafunguliwa kwa mkupuo wenye nguvu ya kufika mbali.

"Usiku maji yamelala humu," alisema babu. "Huko chini mtu wako ametupa mkoba kwenye matope."

Nilikaa ukingoni, nikaziona kurasa 46 zikibomoka. Nikamuuliza kama kizibo huzuia maji yote. Akacheka kidogo, akainama kunionyesha: hapana, huwa yanachuruzika. Yanatosha kusikika gizani, hayatoshi kubeba jani.

Hapo ndipo hadithi ilipofufuka. Muuaji amesimama kwenye migomba bila tochi, akiogopa kuonekana. Anasikia maji, anatupa, anaondoka akiamini mkoba uko safarini. Mzaliwa wa kitongoji kile asingefanya hivyo wakati wa kiangazi. Angejua maji yako wapi saa ile. Mkoba unakutwa palepale, umelowa upande mmoja, na upande wa pili mkavu unamwambia mpelelezi kwamba anamtafuta mgeni. Washukiwa wangu watano wakabaki wawili, bila kuwaandikia hata mstari mmoja wa kujieleza.

Niliandika upya kwa wiki tatu, nikapanda tena Kibosho na sura mbili mpya. Babu aliniacha nisome mpaka mahali mtoto anapouona mkoba, akainua mkono.

"Mtoto hapana. Kabla ya kufungua nduwa, mwenye zamu anapita kwanza na jembe kuzoa majani, maji yasije yakafurika kwa jirani. Yeye ndiye wa kwanza."

Nikalikata jina la mtoto kwa kalamu palepale. Juu yake nikaandika: mwenye zamu ya Jumanne, jembe begani, saa kumi na mbili kasoro, umande ukiwa bado kwenye masale ya mpakani.