Swali la Kumi na Nne

Julai 2011 nilikuwa mdodosaji katika utafiti wa macho kwenye kijiji kimoja cha Mufindi, ambako ukungu wa asubuhi hulala juu ya mashamba ya chai hadi jua likaze. Tulitafuta vihatarishi vya kupoteza uwezo wa kuona uzeeni: umri, kisukari, sigara, miaka ya kazi za juani. Swali la kumi na nne liliuliza kama kuna kipofu katika ukoo. Kwangu hilo ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote, kwa kuwa glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hufuata damu; aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huo yumo hatarini zaidi, na mara nyingi hasikii maumivu yoyote huku neva ya jicho ikiendelea kufa.

Siku ya tatu niliingia kwa bibi mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi. Tuliamkiana «kamwene», nikaanza kuuliza. Tulipofika kwenye swali lile alijibu bila kusita: «Kwetu hakuna kipofu, mwanangu.» Nikaandika hapana, kama nilivyoandika karibu kila nyumba.

Punje chache zikaruka, zikaangukia kando ya goti lake la kushoto. Alizitafuta kwa kiganja, akipapasa mkeka, ingawa zilikuwa mahali peupe kabisa. Hakuziona mpaka alipogeuza kichwa chote. Glakoma huanza kwa kula pembeni. Nikaliacha dodoso, nikamuuliza: «Bibi, marehemu mama yako alipozeeka alikuwa anakwendaje kisimani?»

«Aa, mama alikuwa mzee. Tulimshika mkono miaka mingi. Hata kaka yangu sasa anaongozwa na mjukuu.»

Hakuwa amenidanganya. Kwake yeye kipofu ni aliyezaliwa haoni, au aliyeharibiwa macho na surua utotoni. Asiyeona kwa ajili ya miaka ni mzee, basi. Swali letu ndilo lililokuwa na kasoro, na liliniuma kufikiri ni majibu mangapi ya hapana niliyokwisha kuyafunga kwenye bahasha. Nilipiga mstari juu ya jibu langu, nikaandika ndiyo pembeni na kutia saini.

Jioni nilimweleza kiongozi wetu, naye akakubali tuulize hivi: je, mzazi wako, kaka au dada yako yeyote alishikwa mkono kwa sababu ya macho? Tulizirudia nyumba zote za mwanzo, na majibu kadhaa yakageuka.

Bibi alipimwa, na presha ya macho yake ilikuwa juu. Daktari alimweleza kwa upole kwamba mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, lakini kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Matone yangelinda kilichobaki. Alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: «Binti yangu ametimiza miaka 43. Naye aje?»

Alikuja kesho yake, pamoja na watoto watatu wa mjomba wake.