Tulivyosaini barua kwa kuzungushia sahani

Naandika maana kila wiki kuna rubani ananipigia, "kapteni nyie mlifanyaje posho ikarudi?", nimechoka kurudia.

Mi narusha Caravan, hizi ndege ndogo za injini moja, kituo Kigoma. Kiangazi watalii wa hifadhi ya Mahale, masika mizigo na wagonjwa. Mshahara wenyewe mdogo, kinacholisha nyumba ni posho ya masaa ya kuruka. Sasa ofisi ikaleta waraka, posho inashuka kama theluthi hivi, kila mmoja aje asaini peke yake. Peke yake! Hapo ndo mtego, maana vijana wa kiti cha kulia, marubani wasaidizi, hawana ubavu, dogo ana masaa mia mbili na kitu anayawinda 1,500 apate leseni ya juu aondoke zake, mwambie arushe bure atarusha. Siwalaumu, na mimi nilishawahi kuosha ndege nzima ili nipewe safari moja ya Tabora.

Mjomba wangu, dereva wa basi za Kasulu, akanishauri wote tujifanye wagonjwa siku moja. Ushauri wa hovyo kabisa. Mgomo una njia yake kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, unaanzia CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 30 za usuluhishi, ikishindikana ndo notisi ya saa 48. Kuunda chama chetu wenyewe cha wafanyakazi tusingeweza, sheria inataka watu 20, sisi tulikuwa 11.

Nikafungua grupu la WhatsApp, kwa ujanja wangu nikaliita "Harusi ya Kapteni". Haikufika saa moja bosi wa oparesheni kanipigia, anauliza mchango wa harusi shilingi ngapi. Skrinishoti ilishamfikia. Nililala saa mbili usiku siku hiyo.

Ikabidi tukutane uso kwa uso, gesti moja Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, migebuka kwa ugali wa muhogo, barua mezani. Mmoja akataka tuandike na ile ajali ya ndege ya Buffalo, Marekani, 2009, watu 50 walikufa, rubani msaidizi alisafiri usiku kucha toka Seattle kuja kazini. Nikakataa, barua ya hela usiichanganye na maiti, bosi atasema mnamtisha. Barua ikabaki fupi, kwamba masharti ya kazi hayabadilishwi bila kushauriana na sisi. Basi kalamu ikaanza kusukumwa, kila mtu "anza wewe kaka", maana jina la juu ndo litaitwa kinara. Nikamaliza samaki wangu, nikafuta sahani, nikaifunika chini ya maandishi nikachora duara. Sainini kuzunguka, hakuna wa kwanza hakuna wa mwisho. Aliyeanza ni dogo mwenye masaa machache kuliko wote, mkono unatetemeka, "bro nikifukuzwa kodi utanilipia?" Nikasema ntalipa, halafu makapteni tukachanga pale pale, laki na nusu au mbili kila mtu, sikumbuki.

Karatasi ilienda na doa lake la mawese, nyuma yake tumebana fomu namba 1 ya CMA, ile ya kupeleka mgogoro, imejazwa ila haijapelekwa. Bosi aliizungusha ile barua kama usukani akitafuta inapoanzia.

Wiki kama tatu posho ya kuruka ikarudi. Ya kulala nje hawajaigusa, mpaka leo ukilipa gesti inabaki ya vocha. Dogo yuko kwenye jeti sasa hivi, kodi hakuwahi kunidai. Anayenidai ni mama wa gesti, wino wa kwenye ile sahani umegoma kutoka.