Kori sifuri

Seva ikizima usiku bila kuacha neno, asubuhi analaumiwa aliyeigusa mwisho. Mwaka 2018 ofisini kwetu hilo liliwahusu karibu watu wote. Tulikuwa ofisi ndogo Kijitonyama, si mbali na kituo cha Sayansi, tukitunza seva za mteja wa mizigo aliyekuwa na ghala Barabara ya Nyerere. Seva zake zilikuwa na tabia ya kupaniki, yaani kuanguka ghafla kwa kosa zisiloweza kulivuka, usiku wa manane, kisha zinajiristati zenyewe. Ukifungua rekodi za mfumo unakuta mstari wa kawaida wa saa nane usiku, na unaofuata ni wa mashine kuwaka upya. Katikati hakuna kitu.

Dawa yake inajulikana. Linux, mfumo ulioendesha seva zile, ina zana za kexec na kdump tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005. Mashine inapowaka unatenga kipande cha memori, na humo unalaza kerneli ya pili (kerneli ndiyo kiini cha mfumo, kinachoendesha mashine yote). Ya kwanza ikianguka, ya pili inaamka ndani ya kipande hicho bila kupitia BIOS, programu inayoiamsha mashine umeme unapoingia, inaikuta memori ya marehemu ikiwa vilevile, na inainakili kwenye diski. Kipande lazima kitengwe tangu mwanzo kwa sababu kadi ya mtandao haina habari kwamba kerneli imekufa. Inaweza kuendelea kumwaga data kwenye anwani ilizopewa, na hutaki imwage juu ya kerneli ya uokoaji.

Kazi ya kuweka mfumo huo alipewa Injinia. Ofisi nzima tulimwita hivyo, hata mama ntilie wa pale chini. Alikuwa rika la baba yangu, amekulia kwenye mitambo ya simu za mezani kabla hajahamia kwenye kompyuta. Mimi nikapewa kuhakiki msimbo wake. Ugumu wa kazi ile ulianzia hapo, na hakuna mwongozo unaoueleza: mtu umemwamkia shikamoo asubuhi, kabla ya chai unatakiwa umwambie kwamba msimbo wake utaua mashine.

Nilianza na dogo. Injinia alikuwa ameongeza kipengele chake mwenyewe: kerneli ikipaniki, kabla ya kurukia kerneli ya pili, iandike ujumbe mfupi kwenye memori ndogo yenye betri iliyokuwa kwenye bodi. Kabla ya kuandika, msimbo ulichukua kufuli, alama inayozuia wawili kuandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, kama msimbo wowote wenye adabu. Lakini kwenye prosesa ya kori nyingi, yaani yenye bongo kadhaa zinazofanya kazi sambamba, kori iliyopaniki huwasimamisha wenzake kwa katizo, ishara ya kuacha ulichoshika, ambalo hayupo anayeweza kulizuia. Wanasimama palepale lilipowakuta. Kama mmoja wao alikuwa ameshika kufuli lile, hatalifungua tena, na kori iliyopaniki itabaki inamsubiri marehemu aliyezikwa na funguo mfukoni. Ndiyo maana hata kerneli yenyewe, inapongoja kori nyingine zisimame, haingoji zaidi ya sekunde moja. Inazihesabu milisekunde moja moja, kisha inaendelea na safari, wamesimama wasisimame.

"Injinia, hapa pa kufuli naomba kuuliza," nilimwambia. Sikuwa na swali.

Alivaa miwani, akasoma, akasoma tena. "Basi tujaribu tu kulichukua. Likikataa, tunaandika hivyohivyo. Aliyekufa hatatushtaki." Kabla ya adhuhuri alikuwa amesharekebisha.

La pili ndilo lililotukalisha. Kerneli ya uokoaji kwa kawaida huwashwa na parameta, agizo la kuanzia, nr_cpus=1, yaani itumie kori moja tu. Injinia alikuwa ameiondoa moja akaweka nne, na hakuwa amekosa hoja. Seva zilikuwa na memori ya GB 64. Hata ukichuja kurasa za memori zilizo tupu na zisizotumika, kubana zilizobaki kwa kori moja kunachukua muda, na mteja alitaka seva irudi hewani upesi. Programu ya makedumpfile, inayochuja na kubana nakala hiyo, inaweza kugawa kazi hiyo kwenye kori kadhaa. "Mwanangu, nina kori nane," alisema, "saba nizifanyie nini?"

Nilichokuwa nacho ni maelezo ya kerneli yenyewe, na ukijua jinsi prosesa inavyoamka yanaeleweka. Umeme unapoingia, kori moja huteuliwa kuendesha BIOS. Kwenye seva zetu ilikuwa kori sifuri, yaani ya kwanza, maana kori huhesabiwa kuanzia sifuri. Nyingine hukaa zikingoja kuitwa, na wito wenyewe una hatua mbili: kwanza ishara ya INIT, kisha anwani ya kuanzia kazi. Kori ya kawaida ikipata INIT hutulia ikingoja anwani. Kori iliyoteuliwa haingoji. Ikipata INIT inarudi moja kwa moja mlangoni mwa BIOS, kana kwamba swichi ndiyo kwanza imewashwa. Sasa chukulia kerneli ya wakati ule imeangukia kori ya tano. Kerneli ya pili itazaliwa hukohuko kwenye kori ya tano, na ikianza kuita wenzake, itaiita na sifuri. Sifuri itakimbilia BIOS na kuiburuta mashine nzima, pamoja na nakala uliyokuwa unaitafuta.

"Mbona inafanya kazi?" aliuliza Injinia, tena bila ukali. Alikuwa na haki ya kuuliza. Alikaa mbele ya mashine ya majaribio, iliyokuwa stoo chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, akabonyeza Alt, SysRq na herufi c, funguo za kuiangusha kerneli makusudi. Mashine ikaanguka, kerneli ya pili ikainuka na kori zake nne, na faili la nakala likakaa kwenye folda ya /var/crash likiwa zima. Akarudia. Zima tena. Kwa mtu wa rika lake, jaribio likishapita mjadala umekwisha, na mimi mkononi nina maandishi tu.

Jibu lilikuwa kwenye kibodi. Ilikuwa ya zamani, yenye plagi ya duara ya zambarau. Nilifungua /proc/interrupts, orodha inayoonyesha kila katizo limepokelewa na kori ipi, safu moja kwa kila kori. Mstari wa kibodi ulikuwa na maelfu chini ya CPU0, na baada yake sifuri, sifuri, sifuri hadi ukingo wa skrini. Kila alipobonyeza zile funguo, aliyezipokea ni kori sifuri, kwa hiyo aliyepaniki ni kori sifuri, na kerneli ya pili ikazaliwa kwenye kori sifuri. Hakukuwa na wa kuipigia INIT. Jaribio lile lisingeshindwa hata angelifanya mpaka Idi.

Kumwonyesha kulihitaji waya wa siriali, wa kupeleka maandishi ya mashine kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu kerneli inapokufa skrini ya kawaida mara nyingi huganda na husomi kitu. Nikashuka Kariakoo. Muuzaji aliufukua chini ya sanduku la chaja, akaupuliza vumbi. "Dada, huu wa printa za kale. Unafufua nini?" Nikamjibu kwamba kuna maiti tunataka iseme neno la mwisho. Akapunguza bei, sijui kwa huruma au kwa woga.

Niliunganisha laptopu yangu, nikaandika amri ya kuiangusha kerneli kutoka kori ya tano, kwa taskset, programu inayoifunga kazi kwenye kori moja, ili isihamie kwingine. Injinia alisimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa. Mistari ikakimbia. Kerneli ya pili ikajitambulisha, ikahesabu memori yake, ikaanza kuamsha kori, na neno likakatika katikati. Kimya kifupi, kisha nembo ya BIOS. Kwenye /var/crash hakukuwa na kitu.

"Rudia," akasema.

Kori sifuri: likapita. Kori ya tatu: BIOS. Akaweka kikombe chini, akavuta kiti. "Ya saba niachie mimi." BIOS.

Nilidhani atanuna. Akacheka mpaka akavua miwani. "Yaani kibodi imenifichia!" Akanipa kisa cha kompyuta za ujana wake: ukitaka kuiristati kwa nguvu, unaandika 0xFE kwenye mlango wa 0x64, ambao ni wa chipu ya kibodi, kwa sababu chipu hiyo ndiyo iliyofungiwa waya wa kuiristati prosesa. Linux bado inayo njia hiyo kati ya njia zake za kuristati. "Zamani ilikuwa inaniulia mashine," akasema, "leo inanifunika makosa."

Nikapendekeza turudi kwenye kori moja. Akakataa kabisa, na nadhani alikuwa sahihi: mteja hakuwa anatania kuhusu muda. Tukasoma orodha ya parameta pamoja, kidole chake kikishuka kwenye skrini yangu, jambo ambalo kwa mwingine nisingelivumilia, mpaka tukakuta disable_cpu_apicid. Kwenye kerneli za wakati ule uliipa namba ya APIC, kitambulisho cha kori kwenye prosesa, ya kori iliyoteuliwa, na kerneli ya pili haikuigusa, labda iwe imezaliwa juu yake. Namba iko kwenye /proc/cpuinfo. Alikwenda kuikagua kwenye kila seva mwenyewe, hakukubali nimwambie ni sifuri. Zote zilikuwa sifuri. Tukaweka, tukaangusha mashine kwenye kila kori kwa zamu, na kila mara kori nne zikaamka, faili likaandikwa.

Baadaye seva moja ya ghalani ikapaniki usiku kama kawaida yake. Asubuhi faili lilikuwepo. Injinia alilifungua, na kabla ya kusoma sababu alitafuta kwanza namba ya kori. Ilikuwa sita. Akanitazama juu ya miwani, hakusema kitu, akashuka kwenye orodha ya miito, hatua za mwisho za kerneli kabla ya kuanguka: dereva, yaani programu ya kuendesha kifaa, wa kadi ya mtandao ulikuwa unagusa memori iliyokwisha kuachiwa. Toleo jipya la dereva huo lilikuwepo tayari. Tulilipandisha jioni, mteja akajulishwa, nami nikaenda kuaga.

"Bado," Injinia akasema. "Kaa. Toleo jipya hili limeongeza makufuli, na mimi siyaamini."