Siku yangu moja: kutoka geti la kiwanda cha samaki Mwanza hadi hoja ya kupelekwa Dodoma

Saa 11:15 alfajiri

Geti bado limefungwa na foleni imeshafika barabarani. Wengi ni wanawake, khanga juu ya sweta, kila mmoja na gambuti zake mkononi. Wenye ajira ya kudumu wanapita kwa kitambulisho. Hawa wengine wanasubiri msimamizi aone sangara kiasi gani wameingia usiku kutoka visiwani, ndipo atoke aanze kuchagua kwa kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye sweta jekundu. Asiyechaguliwa anarudi nyumbani na nauli yake imeshakwenda.

Mimi ni afisa wa chama cha wafanyakazi hapa mkoani. Sheria inamruhusu mwakilishi wa chama kuingia mahali pa kazi kuandikisha na kukutana na wanachama, ilimradi kazi na usalama visivurugike. Ila mtu asiyejua kama leo ataingia humpati ndani. Unampata hapa nje, kabla ya jua.

"Mwangaluka, mayu," namsalimu mama mmoja anayekata minofu tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi. Anaitikia, halafu bila kuulizwa anatoa daftari kifuani. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kilo alizokata, na pembeni sahihi ya mwenzake aliyesimama naye meza moja. Mwezi huu karibu siku zote zimejaa.

Daftari hizi tumezihimiza kwa sababu maalumu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeweka dalili za kumtambua mfanyakazi hata kama hana mkataba. Mojawapo ni kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mama huyu anazimaliza saa hizo ndani ya wiki moja. Akiwa na rekodi, anayebisha kwamba si mfanyakazi wake ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Akiwa hana, linabaki neno lake dhidi ya neno la ofisi yenye kompyuta.

Leo amechaguliwa. Dada aliye nyuma yake hakuchaguliwa.

Saa 1 asubuhi

Huyo dada nimemkaribisha chai kwa mama lishe, chai ya tangawizi na chapati. Ana mimba ya miezi mitano. Anauliza kwa sauti ya chini kama vibarua nao wana likizo ya uzazi.

Namweleza taratibu. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Aliye chini ya miezi sita kazini hastahili likizo yenye malipo, lakini sheria haikuishia hapo. Aliyeajiriwa zaidi ya mara moja kwa mwaka na mwajiri yuleyule, jumla ikapita miezi sita, anastahili. Wa msimu naye anastahili. Namwambia ampe mwajiri taarifa miezi mitatu kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari, na nakala abaki nayo.

"Na mtoto akiwahi, dada?" Alishampoteza mmoja aliyezaliwa kabla ya wakati.

Hapa nina jibu ambalo miaka michache iliyopita nisingekuwa nalo. Mei Mosi ya 2024 jijini Arusha serikali ilitangaza kuridhia kilio cha akina mama wa watoto njiti, na marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yakawaongezea muda wa likizo. Nakumbuka vikao vya kamati ya wanawake ambavyo jambo hili lilikuwa likirudi kila mara: mama anamaliza siku zake 84 mtoto akiwa bado anabebwa kifuani kwa mtindo wa kangaruu. Wanawake walilisema bila kuchoka mpaka likapata mahali pa kuandikwa. Wakiniuliza chama kimefanya nini, naanza na hilo.

Saa 2:30 asubuhi

Ofisini. Fomu za TUF 6, zile za mfanyakazi kuridhia ada ya chama ikatwe kwenye mshahara. Simu tatu za makatibu wa matawi. Barua moja ya kuomba kikao. Sina la kuongeza.

Saa 4 asubuhi

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nawasindikiza vijana wawili walioambiwa kwa simu wasirudi kazini. Madai ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufikishwa Tume ndani ya siku 30, na mengi ya mashauri ya vibarua yanafia hapo. Mtu anaambiwa "subiri tutakuita," anasubiri, na siku zinakatika. Hawa wawili waliwahi.

Yanayosemwa kwenye chumba cha usuluhishi ni siri ya wahusika, siyaandiki. Naandika tu kuhusu sheria inayowagusa. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, awe na mkataba mmoja au zaidi. Maana yake vipande vinajumlishwa. Mwajiri anayemsimamisha mtu mwezi wa tano, akamrudisha baada ya wiki mbili, hawezi kuanza kuhesabu upya. Waliotunga Sura ya 366, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, walikiona kichochoro hicho na wakakiziba. Kilichobaki wazi ni ushahidi: nani aliandika kwamba kipande cha kwanza kilikuwepo?

Tumetoka saa 6. Mdogo wa hao vijana ameniuliza kama nadhani watashinda. Nimemwambia ukweli, kwamba usuluhishi ukishindikana shauri linakwenda kwenye uamuzi, na kule anachohitaji ni karatasi na shahidi. Ameondoka kwenda kumtafuta shahidi wake Igoma.

Saa 7:15 mchana

Ugali na dagaa, haraka.

Saa 8 mchana

Kikao cha kufungua majadiliano ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya chama na mwajiri, na uongozi wa kiwanda kingine, sitakitaja. Ili chama kitambuliwe kuwa wakala pekee wa majadiliano, lazima kiwe na wengi wa wafanyakazi wa eneo husika. Basi wenzetu wa upande wa pili wamekuja na orodha ndefu, vibarua wote ndani, ili tuonekane hatujafika nusu. Nikauliza: kama hawa ni wafanyakazi wenu leo kwenye hesabu hii, taarifa zao za maandishi za ajira ziko wapi? Sheria inataka kila mfanyakazi apewe. Kikao kimeahirishwa ili wakazitafute. Inaniuma kila ninapoliona hili: mtu yuleyule anahesabiwa kukiwa na faida kwa mwajiri, na hahesabiwi kukiwa na gharama.

Saa 9:45 alasiri

Kazi niliyoisubiri tangu asubuhi. Kamati yetu imekaa kukamilisha mapendekezo ya mkoa kuhusu vibarua. Yanakwenda makao makuu ya chama, kisha TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, ambako sauti za vyama wanachama zinakusanywa. Kutoka hapo hoja huingia kwenye meza ya utatu, yaani serikali, waajiri na wafanyakazi, katika baraza la ushauri la masuala ya kazi, uchumi na jamii. Wizara ikiikubali inakuwa muswada, na Kamati ya Bunge inaita wadau kusikia maoni yao. Ni njia ndefu. Kwenye kila kituo kuna atakayeuliza: mna ushahidi gani? Ndiyo maana mezani mbele yetu hakuna hotuba, kuna nakala za daftari za wakata minofu.

Pendekezo la kwanza halikubishaniwa. Mwajiri awajibike kumpa kila kibarua karatasi ya siku: tarehe, saa, kazi, malipo. Kwa anayelipwa kwa kilo karatasi hiyo ni muhimu zaidi, kwa sababu anayelipwa pasipo kufuata muda hupigiwa hesabu ya mshahara wa wiki kwa alichopata wiki 13 zilizopita. Bila rekodi, likizo, notisi na kiinua mgongo vyote vinakosa mahali pa kuanzia.

La pili limetuchukua saa nzima na zaidi. Zamani mkataba wa muda maalumu ulikuwa wa wataalamu na kada ya uongozi. Marekebisho ya 2025 yameongeza mazingira unamoruhusiwa, zikiwemo kazi za msimu na ongezeko la muda la kazi. Mzee wetu wa kamati, aliyeanza kazi nchi ikiwa na chama kimoja tu cha wafanyakazi, JUWATA, amepinga kwa nguvu.

"Kiwanda kinachowasha mashine Januari hadi Desemba hakina msimu," amesema. "Samaki akipungua wiki mbili, huo ni msimu? Hapa mmefungua mlango, na watu watapitishwa humo miezi mitatu mitatu mpaka wazeeke."

Katibu wa tawi, kijana wa Nyakato, akamjibu kwa heshima. "Shikamoo mzee, nakusikia. Lakini yule anayesimama getini alfajiri leo hana hata huo wa miezi mitatu. Mpe kwanza karatasi yenye jina lake na mshahara wake. Ukiwa nayo unaweza kudai. Ukiwa huna, kibarua kinaota nyasi na hakuna wa kumuuliza."

Nimewasikiliza wote na nimeegemea kwa kijana, kwa sharti moja analolitaka mzee: ukomo. Karatasi kwanza, kwa sababu kila haki ninayoijua katika sheria hii inaanzia kwenye kuthibitisha kwamba ulikuwepo. Lakini mkataba mfupi usiokuwa na ukomo ni ajira ya kudumu iliyonyimwa jina lake. Kazi ikiwa ileile na mwajiri yuleyule, mikataba ikifika jumla fulani ya miezi, mtu ahesabiwe wa kudumu. Miezi mingapi? Mzee anataka kumi na miwili. Wengine wanasema waajiri hawatakubali chini ya ishirini na minne.

Katikati ya mabishano mmoja wetu amekumbusha Mei Mosi ya 2021, ilipofanyika kitaifa hapa CCM Kirumba. Tulijaa uwanjani tukitarajia nyongeza ya mshahara. Rais Samia akasema mwaka huo haitawezekana, akaahidi mwaka unaofuata, na kodi ya mshahara ya kiwango cha chini ikashushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Mwaka 2022 kima cha chini serikalini kilipanda kwa asilimia 23.3. Kwa sekta binafsi safari ilikuwa ndefu kuliko hiyo: kiwanda na biashara vilibaki kwenye shilingi 115,000 za amri ya mshahara ya 2013 hadi mwisho wa 2022, ndipo zikawa 150,000 kuanzia Januari 2023. Karibu miaka kumi! Bei ya unga haikusubiri. Amri mpya iliyoanza Januari 1, 2026 imepandisha wastani wa kima cha chini sekta binafsi kutoka 275,060 hadi 358,322. Ni hatua kubwa na tuliipokea kwa shukrani. Bado anayelipwa kwa kilo anauliza, na ana haki ya kuuliza, nani atamhesabia saa zake ili ajue kama amefikishwa hapo.

Kwa hiyo la tatu limeandikwa hivi: amri ya mshahara iseme waziwazi kwamba malipo ya kilo au kipande, yakigawanywa kwa saa, yasishuke chini ya kiwango cha saa cha sekta hiyo, na saa ambazo mtu amekaa ndani ya geti akisubiri samaki zihesabiwe.

Hilo la kusubiri lilitoka kwenye daftari. Ukiona mfululizo "nimeingia saa 12, samaki wamefika saa 5," unaelewa jambo ambalo hakuna ripoti imewahi kukueleza.

Saa 12:20 jioni

Nimepita mwalo wa Kirumba kununua dagaa. Wanawake wanaoanika na kupakia hapa hawana mwajiri mmoja, leo wanamfanyia huyu, kesho yule. Mapendekezo yetu yote ya leo hayawagusi. Nimeandika pembeni ya nakala yangu, niliseme kikaoni.

Saa 2 usiku

Saa hii ndiyo kazi ya usiku inapoanza kisheria, hadi saa 12 asubuhi, na anayeifanya anatakiwa kuongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mjamzito hatakiwi kupangwa usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Nayaandika yote mawili kwenye kundi letu la simu, kwa sababu zamu ya usiku inaingia na yule dada wa asubuhi ameniambia ameitwa. Mimba yake haijafika huko, lakini itafika, na mwenzake wa meza ya pili ameshafika. Mwenzake huyo namwambia amwoneshe msimamizi cheti, na akikataliwa anipigie usiku huuhuu.

Hajapiga. Ametuma ujumbe kwamba amehamishiwa zamu ya mchana kuanzia kesho.

Saa 3:40 usiku

Rasimu imekwenda kwa wajumbe. Kwenye kifungu cha ukomo nimeacha nafasi wazi, kwa kuwa hatukukubaliana na sina mamlaka ya kuijaza peke yangu. Kikao cha mwisho ni Jumamosi. Wanaosema tuombe ishirini na minne wanaogopa kukataliwa, nami naielewa hofu hiyo. Lakini tukianza na tunachodhani watakubali, mezani watakipunguza tena. Nitasimama na mzee kwenye kumi na miwili.