Siku moja Pemba na watoto: msitu asubuhi, shamba mchana, popo magharibi

Popo wa Kidike wapo baina ya Chake Chake na Wete. Anayetoka Chake kwenda msitu wa Ngezi huona ni busara kuanza nao kwa kuwa ndio walio karibu, na hapo ndipo siku inapoharibika. Asubuhi popo wamelala. Watoto wataona vitu vyeusi vinavyoning'inia mtini, na baada ya dakika kumi wataulizia biskuti. Mkifika Ngezi itakuwa saa tano, joto limepanda, ndege wamenyamaza na tumbili wamejichimbia kwenye majani. Bora mgeuze mpango: Ngezi kwanza, shamba la viungo mchana, Kidike mwisho wakati wa kurudi.

Ngezi iko mbele ya Konde, kwenye njia ya Ras Kigomasha. Mkiwa langoni saa mbili mmewahi vizuri. Kiingilio hulipwa hapo hapo na wenyeji hulipa kidogo kuliko wageni, basi chukueni fedha taslimu. Mtaingia na muongozaji wa msitu. Mwambieni mapema umri wa mtoto mdogo kabisa, maana njia ziko kadhaa na fupi inawatosha wa miaka mitano. Ukiikata kwa mwendo wa kitoto, unasimama kwa kila konokono, ni kama saa moja na nusu.

Ngezi ni baki la msitu mkubwa uliokuwapo kabla ya watu kufyeka kwa ajili ya kilimo. Miti ya juu hukutana vileleni hata jua likaingia kwa vipande tu, na kuna mabaki ya mtambo wa zamani wa kupasulia mbao ambayo watoto wa kiume huyapenda kuliko ndege wote. Ila ndege wenyewe si wa kupuuzwa. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwengine duniani, miongoni mwao ninga wa Pemba na chozi wa Pemba. Chozi ndiye rahisi kwa mtoto: mdogo, anang'aa, na hukaa kwenye maua ya chini anyonye. Ninga ni wa kijani na hukaa juu kwenye miti ya matunda, kwa hiyo tafuteni kwanza maganda yaliyoanguka, kisha muinue macho. Mwengine ni bundi mdogo, lakini huyo ni wa usiku.

Mavazi yana kazi yake. Raba na soksi, suruali iingizwe ndani ya soksi, hata kwa mabinti: suruali chini ya gauni. Mtoto aliyevaa ndara msituni atabebwa mgongoni mpaka mwisho. Sababu ni siafu. Baada ya mvua hukata njia kwa mstari mweusi unaokwenda mbio, na anayesimama juu yake kushangaa hupandwa nao mpaka kiunoni. Rukeni mstari, msisimame. Siafu akiuma, msimwoshe kwa maji, kwa kuwa taya zake hazilegei. Mng'oeni mmoja mmoja kwa kumshika kichwani.

La pili ni upupu, mmea unaotambaa kwenye kingo za msitu na mashamba yaliyoachwa, maganda yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu. Mtoto huyaona mazuri akayashika. Kosa la wazazi ni kusugua au kukuna, ambako huyatia manyoya ndani zaidi na kuyahamishia shingoni na machoni. Bandikeni utepe wa gundi (selotepu) juu ya ngozi kisha mbandue, mara kadhaa, au tumieni donge la unga uliokandwa. Maji na sabuni baadaye. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko peke yake.

Masika, yaani Machi mpaka Mei, njia huwa tope na mbu ni wengi. Si lazima kuahirisha, lakini punguzeni mwendo kwa nusu.

Mkitoka msituni, Vumawimbi iko karibu, na saa moja ya kuoga inawatuliza. Pwani ni ndefu, mchanga mweupe, haina duka na kivuli chake ni kidogo. Angalieni maji: yakiwa yamekupwa, mtoto atatembea mbali kabla ya kufika kiunoni, na hilo kwa wadogo ndilo jema. Kaeni mbali na ncha ya rasi ambako mkondo unavuta.

Chakula mlichofunga nyumbani kiwe kikavu. Wali wa nazi uliopikwa alfajiri na kufungiwa kwenye bakuli la moto hauna uhakika kufika mchana haujachacha. Muhogo wa kuchemsha bila tui, mayai, mkate na ndizi mbivu havina taabu.

Kuanzia saa saba hivi, jua likiwa kali, ndio wakati wa shamba, kwa kuwa chini ya mikarafuu ni baridi. Ombeni ruhusa kwa mwenyewe kabla ya kuingia, na watoto watoe shikamoo kwa wakubwa. Msimu wa kuchuma hubadilika kila mwaka lakini kwa kawaida huangukia baina ya Julai na Februari. Mkiukuta, msikanyage majamvi yaliyoanikwa, na mtoto asipande mti kwa hali yoyote. Matawi ya mkarafuu hukatika bila kutoa mlio wa kuonya, na wachumaji wazoefu huanguka kila msimu.

Kazi ya mtoto ni kuchambua. Mpeni kishada kimoja na mumuoneshe: konyo, yaani kijiti cha kishada, mkono wa kushoto, kiganja cha kulia kinasukuma matumba pembeni, yanaachia yenyewe. Matumba mazuri ni yale yaliyoanza kuwa mekundu mekundu huku kichwa bado kimefumba. Likishafunguka likawa ua, karafuu imeshapungua thamani. Makonyo nayo hayatupwi, hukamuliwa mafuta katika kiwanda kilichopo Wawi. Muulizeni mtoto kilo tatu mbichi zitakuwa ngapi zikikauka. Ni kama moja, baada ya siku nne hivi za jua zuri. Zikilala zimerundikwa mbichi huvunda na kupauka, ndiyo maana wingu likionekana tu, mtaa mzima hukimbilia kuanua.

Jaribio moja la kufanya nyumbani, lenye kuwafurahisha hata wakubwa: tieni karafuu kavu kwenye gilasi ya maji. Nzuri huzama, au husimama wima kichwa juu. Iliyokwisha mafuta hulala ubavu juu ya maji.

Wakubwa wa skuli wanaweza kuhadithiwa kwa nini karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba ingawa zilianza kushamiri Unguja: tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi, Pemba ikasalimika.

Viungo vyengine vifanyeni mchezo wa kunusa, macho yamefumbwa. Jani la mdalasini, jani la mchaichai, tangawizi iliyovunjwa, pilipili manga bichi. Mzizi wa mdalasini huwachanganya wote, kwa kuwa unanukia kama dawa ya mafua. Kungumanga wapasulieni waone basibasi, ule utando mwekundu uliokumbatia kokwa, lakini wasitafune kokwa. Kwa wingi inalevya na kudhuru, na mtoto hahitaji nyingi. Pilipili kichaa isiguswe kabisa, maana mkono ukishaishika, jicho litafuata.

Mkikaribishwa fenesi, pakeni mafuta ya nazi kwenye kisu na mikononi kabla ya kulipasua. Ulimbo wake maji hayautoi. Na mkitaka karafuu za kuchukua nyumbani, nunueni dukani kwa matumizi ya jikoni. Karafuu ya mkulima huuzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, na mfuko wa karafuu kwenye gari bila kibali ni maneno na askari, hata kama nia yenu ni pilau.

Kidike mfike kama saa kumi na moja. Hapo popo wameshaanza kuamka: wanajinyoosha, wanajipepea kwa mbawa, wanasukumana kwenye tawi. Wana uso wa mbwa mdogo na manyoya ya rangi ya kutu, na mbawa zikifunguliwa hupita mita moja na nusu. Chukueni darubini, hata ya bei rahisi, la sivyo watoto watagombania macho ya muongozaji. Popo hawa hawapatikani porini popote isipokuwa Pemba. Zamani waliliwa sana, na miti wanayolala ikakatwa, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 wakabaki wachache. Wanakula maembe, tini za mikuyu na mashelisheli, na mbegu wanazozitema ndizo zinazoota mbali na mti mama.

Msipige makofi ili waruke. Popo jike hubeba mtoto wake kifuani, na mshituko humuangusha. Embe lenye alama ya meno lisiliwe, na popo aliyeanguka asiokotwe kwa mikono. Chini ya mti, atazamaye juu afumbe mdomo.

Wakiondoka, huondoka kwa makundi jua likizama, na baada ya hapo gari za abiria barabarani huwa chache. Kama hamna gari yenu, pataneni na dereva tangu asubuhi awasubiri mpaka baada ya magharibi, na bei muikate kabla hamjapanda.