Resiva ya bei nafuu sebuleni: maoni ya wenye nayo, kutoka Mbeya hadi Iringa

Mtu akiniuliza kama resiva ya homu thieta ya bei nafuu inafaa kununuliwa, humuuliza kwanza ana spika gani na umeme wa mtaani kwake ukoje. Nazungumzia kile kisanduku kipana kinachopokea picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi, deki au mashine ya michezo, kikaipeleka picha kwenye televisheni na kuigawa sauti kwenye spika tano na sabufa, yaani spika ya mlio mzito. Nasema hivyo mapema kwa sababu hapa Mbeya mafundi wengi huita king'amuzi cha dishi resiva pia, na mazungumzo huweza kupotea kabla hayajaanza.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiwasikiliza watu wanaomiliki mashine hizi Mbeya mjini, Iringa, Njombe na Makambako, na jambo lililonishangaza ni jinsi maoni yao yanavyopishana juu ya mashine ile ile. Sony STR-DH590, iliyotoka mwaka 2018, mwalimu mmoja wa Iringa anaisifu kwa moyo wote, ilhali mfanyabiashara mmoja wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, ameshaiweka stoo na kurudia seti yake ya zamani ya sabufa. Yamaha RX-V385, ambayo ni ya daraja hilo hilo, nimeisikia ikiitwa mashine ya maisha na pia ikiitwa hasara. Nilipoanza kuuliza zaidi niligundua kwamba karibu kila lawama ilihusu kitu kilichounganishwa na resiva, au mahali ilipowekwa, na mara chache sana ilihusu resiva yenyewe. Huo ndio msimamo wangu hata leo: hizi ni mashine nzuri kwa bei yake, na anayezilaumu mara nyingi amezinyima vitu vinavyozifanya zisikike.

Nianze na wati, kwa sababu ndiyo hoja ya kwanza ya kila muuzaji. Seti nyingi za sabufa tulizozizoea zimeandikwa kwenye boksi maelfu ya wati, na mnunuzi anapoona resiva imeandikwa 145 tu, tena kwa bei kubwa zaidi, anahisi anaibiwa. Namba za maelfu hazipimi nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Hukadiria kilele cha kufumba na kufumbua, katika mazingira ambayo muziki haupigwi kamwe. Geuza kifaa chochote nyuma, usome kwenye kibandiko umeme kinaovuta kutoka ukutani: hakiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu inayozidi ile kinayoingiza, na kwenye sabufa nyingi kibandiko hicho hukanusha boksi lake.

Hata hivyo, kampuni kubwa nazo zina namna zake za kupamba. Zile wati 145 za Sony zimepimwa kwa spika moja ya omu 6 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme) inayofanya kazi peke yake, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde. Yamaha inatangaza wati 70 kwa spika mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, katika masafa yote kutoka hezi 20 hadi 20,000. Namba hizi hazilinganishiki, kwa kuwa kipimo cha pili ni kigumu zaidi. Na hata kama zingelinganishika, kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haimfanyi mtu aruke kitini; ili sauti isikike kubwa maradufu, unahitaji nguvu karibu mara kumi. Kwa sebule ya kawaida ya Uyole au Forest, ambayo mtu hukaa mita tatu au nne kutoka kwenye televisheni, spika hutumia wati chache sana muda mwingi wa filamu. Kwa hiyo sioni sababu ya kumwacha mnunuzi achague mashine kwa kutazama wati, na nasikitika kila ninapoona hilo likifanyika.

Yule mfanyabiashara wa Mwanjelwa alikuwa na tatizo la spika. Alichukua spika za seti yake ya zamani, akaziunganisha kwenye resiva mpya, na mashine ikawa inajizima kila alipopandisha sauti. Spika za seti nyingi za bei rahisi zina upinzani wa omu 3 au 4, wakati resiva hizi zimetengenezwa kwa spika za omu 6 na kuendelea. Omu zikipungua, mkondo wa umeme huongezeka, mashine hupata joto, na saketi ya ulinzi huikata kabla haijaungua. Yeye aliona mashine dhaifu. Mimi naona mashine iliyojiokoa. Kisha kuna suala la sabufa yenyewe, ambalo limewaudhi watu wengi kuliko jambo lingine lolote. Tundu la sabufa nyuma ya resiva hutoa ishara ndogo tu, isiyo na nguvu ya kusukuma spika, hivyo sabufa inayohitajika ni ile yenye amplifaya yake ndani na waya wake wa umeme. Sabufa ya seti ya zamani, ambayo ilikuwa ikisukumwa na deki yake, haitatoa hata mlio. Wauzaji walipaswa kulisema hili kabla ya kupokea pesa, na wengi hawalisemi.

Jambo la umeme nalipa uzito zaidi ya yote, na hapa ndipo nyanda zetu za juu zinapotofautiana na maelezo ya kwenye vijitabu. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Resiva inayoletwa na ndugu kutoka Marekani ni ya volti 120, na mtumba wa soko la ndani la Japani ni wa volti 100. Ukichomeka yoyote kati ya hizo moja kwa moja ukutani, unaagana nayo siku hiyo hiyo. Transfoma ya kushusha volti inasaidia, mradi iwe na uwezo unaozidi kile resiva inachovuta. Lakini adui mkubwa zaidi ni radi. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na kule Rungwe hata zaidi, ngurumo ni sehemu ya jioni zetu, na msukosuko wa umeme unaofuata radi huwa na njia mbili za kuingia sebuleni. Njia ya kwanza ni soketi, ambayo kila mtu anaikumbuka. Ya pili ni waya wa dishi: unatoka juu ya bati, unaingia kwenye king'amuzi, na kutoka hapo waya wa HDMI, ule unaobeba picha na sauti, unaupeleka msukosuko hadi kwenye resiva na televisheni. Nimesikia habari za resiva ambayo iliendelea kuwaka na kupiga muziki wa Bluetooth vizuri kabisa, lakini matundu yote ya HDMI yamekufa baada ya mvua moja. Mwenye nayo aliilaumu kampuni, wakati alikuwa amechomoa plagi ya ukutani na kuuacha waya wa dishi mahali pake. Mawingu yakianza kujikusanya juu ya mlima Loleza, chomoa vyote viwili. Stabilaiza nzuri, inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme uliorudi, ni ya lazima pia kwa sababu ya volti kupanda na kushuka, ila haizuii radi.

Kuhusu joto, watu wa huku hudhani baridi ya Juni na Julai inatosha kuilinda mashine. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo hubeba joto pungufu hata ikiwa ya baridi. Resiva hizi hutegemea hewa inayopanda yenyewe kupitia matundu ya juu. Ninawaheshimu sana akina mama wanaofuma vitambaa vya kupamba sebule, na kitambaa juu ya televisheni hakina shida, lakini kikiwekwa juu ya resiva kinaziba pumzi yake. Kabati la vioo lililofungwa ni baya zaidi. Iachiwe nafasi wazi ya sentimita kumi au zaidi juu yake, na vumbi la kiangazi lifutwe kwa brashi laini.

Swali ambalo wengi huniuliza ni kama kuna faida yoyote kwa vitu tunavyovitazama. Ni kweli kwamba vipindi vingi vya vituo vyetu, na zile filamu zenye msimulizi wa Kiswahili juu yake, vina sauti ya chaneli mbili, yaani njia za sauti za kushoto na kulia, au hata moja. Sauti ya chaneli tano hupatikana zaidi kwenye diski, kwenye huduma za filamu za intaneti na kwenye michezo ya kompyuta. Lakini resiva ina programu ya kuchambua sauti ya chaneli mbili: kile kinacholingana kushoto na kulia hupelekwa kwenye spika ya katikati, na kinachotofautiana husambazwa pembeni na nyuma. Sauti ya msimulizi kwa kawaida imewekwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo inakaa katikati, chini ya skrini, wakati kelele za mapigano zinabaki kando. Mwalimu wa Iringa aliniambia kwamba mama yake mzee, ambaye masikio yake yamepungua nguvu, sasa anafuata taarifa ya habari bila televisheni kupandishwa sauti, kwa sababu amemwongezea spika ya katikati peke yake. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kununua mashine hii, kuliko milipuko yote ya filamu.

Liko pia jambo la flashi. Baadhi ya televisheni, zikiwamo za Samsung za kuanzia mwaka 2018, hazisomi sauti ya aina ya DTS, kwa hiyo filamu iliyo kwenye flashi huonyesha picha bila sauti. Ukiicheza filamu hiyo kwa kifaa kingine kinachopeleka sauti ghafi, yaani ambayo haijafasiriwa, kwenye resiva kwa HDMI, resiva itaisoma bila shida.

Chumba nacho kina usemi. Sakafu ya vigae, kuta tupu na dari ya jipsamu hurudisha mwangwi ambao hakuna resiva itakayouondoa kabisa. Zulia nene na mapazia mazito hufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Sony na Yamaha nilizozitaja huja na maikrofoni ya kupimia umbali na kiwango cha kila spika. Itumie nyumba ikiwa kimya, na kamwe usiitumie mvua ikiwa inapiga juu ya bati.

Kama bajeti ni finyu, ningegawa pesa hivi: sehemu kubwa iende kwenye spika mbili nzuri za mbele, inayofuata kwenye resiva, kisha spika ya katikati, na sabufa yenye amplifaya yake isubiri mwaka ujao. Spika za nyuma ziwe za mwisho. Wala usiudharau mtumba wa volti 230: resiva za miaka ya 2005 hadi 2010 mara nyingi zina transfoma nzito kuliko za leo, na ingawa hazipitishi picha za 4K, televisheni inaweza kuzipelekea sauti kwa waya wa optiki huku picha ikienda moja kwa moja kutoka kwenye king'amuzi. Anayeununua, iwe Mwanjelwa, Kariakoo au Tunduma, aombe mashine iwashwe mbele yake na asikilize mlio mdogo wa swichi ya ulinzi ndani ya sekunde chache za kwanza. Ajaribu kila tundu la HDMI kwa king'amuzi kile kile. Kisha azungushe kitufe cha sauti taratibu kutoka chini hadi nusu, akitega sikio kwa kila spika kama kuna mkwaruzo, na aiache ikipiga muziki kwa nusu saa kabla ya kutoa pesa, kwa sababu ubovu mwingi wa mtumba hujitokeza mashine ikishapata moto.