Kumbukumbu ya mradi: kubadili mbao za Morris Minor Traveller, upande wa kushoto

Kupima

Ukiiona Traveller, stesheni wagoni ndogo ya Uingereza, kwa mbali utadhani mbao zile ni urembo. Sivyo. Nyuma ya milango ya mbele, fremu ya mbao ya eshi (mti wa Ulaya, kwa Kiingereza ash) ndiyo inayobeba paa, vioo na milango ya nyuma, na mapaneli ya alumini yamechomekwa tu katikati yake. Kwa sababu hiyo mkaguzi wa magari Uingereza akipelekewa gari hii anaweza kuikataa kwa mbao zilizooza, sawa na anavyoikataa iliyooza chuma.

Kifaa cha kupimia ni bisibisi bapa. Sukuma ncha kwenye mbao za chini, kila baada ya sentimita 5, ukikaza zaidi kwenye viungo na juu ya matairi. Mbao nzima inakataa, iliyooza inameza. Upande huu ulimeza sehemu tatu, zote chini ya reli za vioo vya kusukuma. Reli hizo hushika maji, vitundu vya kutolea maji huziba kwa uchafu, kuvumwani huota, kisha maji hushuka ndani ya fremu hadi mbao ya chini kabisa. Eshi ni ngumu na haivunjiki kirahisi, ila ikilowa mara kwa mara huoza upesi. Aliyezoea mvule asiitarajie uvumilivu ule.

Kwa nini mbao?

Stesheni wagoni za mwanzo zilikuwa magari ya kupokea abiria na mizigo kwenye stesheni za reli Marekani. Maseremala waliziundia bodi juu ya chasi za kama Ford Model T, kwa kuwa bodi chache za mbao zilikuwa rahisi kuunda kuliko kutengeneza kalibu za kukandamizia chuma. Mwaka 1929 Ford ikaanza kuziuza yenyewe juu ya Model A, mbao zikitoka kwenye misitu na viwanda vyake vya Iron Mountain, Michigan. Mwaka 1949 Plymouth ikatoa Suburban ya chuma kitupu, na hapo hesabu ya mbao ikaanza kufa: bodi ya mbao ilidai vanishi mpya na kukazwa bolti mara kwa mara. Buick za 1953 zikawa za mwisho za Marekani zenye mbao za kweli za kubeba bodi. Ford Country Squire ya 1952 tayari ilikuwa chuma kilichobandikwa filamu yenye picha ya mbao. Traveller, iliyoanza 1953, ikaendelea na eshi ya kweli hadi 1971. Mini ya mbao ya 1960, gari jingine dogo la Uingereza, isikudanganye; mbao zile zimegundishwa juu ya chuma.

Kufungua

Upande mmoja kwa wakati, huo mwingine ubaki umefungwa ili paa lisipoteze umbo. Kabla ya kulegeza chochote, pima mishazari (kona hadi kona) ya uwazi wa milango ya nyuma na uandike. Kisha tegemeza paa kwa nguzo mbili, ondoa mlango, vioo, reli, mapaneli, ndipo fremu. Bolti za sakafuni karibu zote zitakatika. Usipoteze siku kuzibembeleza, kata.

Chuma kilichokuwa kimefunikwa na mbao ndicho kinachoshtua. Chomelea na upake rangi sasa, maana fremu mpya juu ya kutu italowa kutoka chini.

Kuunga na kusafisha

Mbao ya chini ilibadilishwa nzima. Nguzo moja iliyooza ncha ilikatwa hadi kwenye mbao safi na kuungwa kwa mkato wa mteremko wa 1 kwa 8: unene wa milimita 30, mkato wa milimita 240. Gundi ni epoksi. Klampu ikikazwa mno gundi yote hutoka na kiungo hubaki kikavu, kwa hiyo kaza hadi gundi ichungulie tu pembeni.

Weusi kwenye mbao isiyooza hutokana na maji na chuma cha skrubu. Asidi ya oksaliki, gramu 50 kwa lita ya maji ya vuguvugu kwenye ndoo ya plastiki, huuondoa, kuvu haiondoi. Vaa glavu, suuza mara mbili, usipige msasa kabla ya kusuuza kwa sababu vumbi lake lina madhara.

Kufunga

Mapaneli yalalie kwenye mastiki (lahamu ya kuzibia) isiyokauka ngumu. Silikoni ya bafuni huachia, halafu hakuna vanishi inayoshika juu yake. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 180. Tabaka la kwanza la vanishi lizimuliwe kwa kiyeyusho, nusu kwa nusu, ili linywewe, kisha matano bila kuzimua, kila moja likipitiwa msasa 240. Ncha za mbao zipewe matabaka mawili zaidi *kabla* ya kuunga: vanishi hupasuka kwanza kwenye viungo, na ncha kavu hunyonya maji kama mrija.

Vitundu vya reli vimetanuliwa hadi milimita 6. Mishazari imepimwa tena, tofauti ni milimita 2, na milango ya nyuma inafunga bila kusukumwa. Upande wa kulia unafunguliwa baada ya bolti za huu kukazwa zote.